Retro za Taa na Kona ya Nyakarenzo

Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu macho yangu hayatofautishi tena waya wa kahawia na waya mweusi. Fundi umeme asiyejua rangi ni bora akae nyumbani achambue maharage. Ninyi mliobaki karakana mliniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi miaka yote ile. Sitaandika nilianza kulipwa lini wala nani alinisifu. Hayo hayatawasaidia mkiwa mmepiga magoti mbele ya pikipiki isiyowaka. Nitaandika zaidi juu ya ugonjwa mmoja ulionichosha kuliko yote: taa za kukatia kona, hizi tunazoita klinyota, zinazopepesa mbio mbio baada ya mtu kufunga retro mpya, vile vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma. Najua mnacheka. Chekeni tu. Kwa ugonjwa huo mtu mwema aliitwa mwongo mbele ya Kamembe nzima na akakaribia kupokonywa permi, leseni yake ya udereva, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Mimi nilikulia Bukavu. Wazazi wangu waliporudi Rwanda nilikuwa kijana mkubwa, ninajua Kifaransa cha shule na sijui kazi yoyote ya mikono. Jirani yetu hapa Kamembe alinipeleka kwa Mzee Swedi, fundi aliyekuwa na kibanda chake cha mabati karibu na msikiti. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kofia nyeupe safi na mikono myeusi kwa grisi, na sijawahi kuelewa vipi kofia ile haikuchafuka. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Alinipa kopo la maziwa lililojaa balbu ndogo za klinyota, ampuli kama tunavyoziita, akaniambia nitenge nzima na mbovu.

Nilikaa juani nikainua kila ampuli machoni. Yenye kiuzi kizima niliweka kulia, iliyokatika kushoto. Saa nne nilikuwa nimemaliza, nikamwita kwa majivuno. Alichukua zile nilizoziita nzima, akazigusisha moja moja kwenye betri. Tano hazikuwaka.

"Macho yako yamekwambia nzima," alisema. "Sasa uliza betri nayo inasema nini."

Nilirudia kopo lote, nikamaliza alasiri. Sikula. Kwa miezi mitatu hakunifundisha kitu kingine ila kuuliza betri, na chombo cha kuulizia kilikuwa ampuli moja iliyochomelewa nyaya mbili, moja ikiwa na sindano ya kushonea magunia mwishoni. Vijana wa leo mna vipimo vya namba, na ni vizuri, lakini nimeona kipimo kikionyesha volti kumi na mbili kwenye waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba. Ampuli haidanganyiki hivyo. Inakunywa, na waya dhaifu unaonekana hapo hapo.

Somo lake la pili lilikuwa masi, yaani njia ya umeme kurudi. Alisema umeme ni kama maman wa Kamembe anayevuka daraja kwenda kuuza Bukavu: kwenda si kitu, kazi ni jioni arudi. Taa ikiwaka hafifu, tafuta kwanza kama njia ya kurudi imezibwa na rangi, kutu au tope. Nimetengeneza pikipiki kutoka Bugarama zilizojaa vumbi la makapi ya mpunga, na pikipiki za Mibirizi zilizovunjwa mifupa na njia za mawe, na naweza kusema nusu ya magonjwa yake yalikuwa masi. Nusu nyingine ilikuwa wenye pikipiki.

Miaka hiyo kazi ilikuwa na heshima. Kitu kilikuwa kinaharibika, unakitafuta, unakipata. Mzee Swedi alipofariki nilishika kibanda, na kwa muda mrefu sikuwa na la kulalamikia zaidi ya panya wanaotafuna nyaya.

Kisha zikaja retro zenye taa.

Mnazijua. Kioo kina mshale wa taa ndogo ndogo za LED, ukiwasha klinyota mshale unapepesa mbele ya macho yako. Zilivuka kutoka ng'ambo kwa katoni, na kila motari wa Kamembe, hawa wanaobeba abiria kwa pikipiki, akazitaka. Sababu yao haikuwa ya kijinga kabisa. Klinyota za mbele za pikipiki ya kazi hazimalizi mwaka. Magunia yanazivunja, ndoo zinazivunja, abiria anazikanyaga. Motari akaona: nitoe hizi zilizovunjika, nifunge retro, nyaya zile zile za klinyota nizipeleke kwenye retro, kazi imekwisha. Anafunga mwenyewe nyumbani kwa kisu na plastiki ya sukari. Anawasha. Badala ya tak, tak, tak, inakuwa taktaktaktak kama cherehani. Anakuja kwangu amekasirika, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia.

"Papa, mi nimefunga tu retro," mmoja aliniambia. "Retro iko huku juu, klinyota ya nyuma iko kule chini. Zinajuana wapi?"

Mwingine alinieleza kwamba zinawaka mbio kwa sababu betri yake ni mpya na ina nguvu nyingi. Nilimwambia sivyo. Aliniangalia kwa huruma, akaenda kwa fundi mwingine aliyekubaliana naye. Wa tatu alikuwa amegeuza nyaya, na LED ukiigeuza haiwaki, basi akaamua kwamba upande wa kulia wa pikipiki yake umerogwa. Wa nne alilazimisha retro kwenye tundu la gidoni, yaani usukani, lenye nyuzi za skrubu zinazofungwa kinyume, akazisaga nyuzi zote, kisha akaniuliza kama gundi itafaa. Nilikuwa natukana kimoyomoyo kuanzia asubuhi hadi kufunga. Mke wangu aliniambia nimeanza kutukana usingizini, tena kwa Kifaransa.

Nilieleza mara mia, na naeleza tena kwa ajili yenu. Klinyota zinapepeswa na santrali, kile kisanduku kidogo kama kiberiti kinacholia tak tak chini ya tanki. Santrali ya zamani inahesabu kinywaji. Imezoea ampuli mbili kila upande, ya mbele na ya nyuma, zote zinakunywa umeme vizuri. Moja ikifa, kinywaji kinapungua, nayo inaanza kukimbia. Haikimbii kwa wazimu. Inakimbia ili kumwambia dereva: ampuli moja imekufa, shuka uangalie. LED inakunywa kidogo sana, kwa hiyo santrali inaihesabu kuwa maiti na kupiga kelele.

Dawa ni mbili. Unaweza kufunga rezistansi sambamba na LED, ikanywa kile ambacho LED hainywi; lakini inapata joto la kupikia yai, na usiiweke kamwe karibu na plastiki. Au unaweza kubadilisha santrali, ufunge ile ya LED, ambayo ina mguu wake wa masi na inapepesa mwendo mmoja tu, uwe na taa nne, uwe na taa moja. Ukikosea miguu yake inaungua kabla hujatoa mkono. Mimi nilipenda santrali. Nilikuwa na sanduku zima, na dakika kumi mtu ameondoka. Nilikuwa nimechoka kuwaona.

Sasa nifike kwa Papa Sifa.

Alikuwa motari wa pale stendi, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, asiyeongea sana. Wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mibirizi walimtafuta yeye, kwa sababu hakukimbiza pikipiki na hakuwahi kuandikiwa kosa. Maman mwenye mimba angekataa motari watatu akimngoja yeye arudi. Jina lake ndilo lilikuwa kazi yake.

Alikuja siku ya soko, watu sita mbele yake, wote na retro. Alikuwa amefunga zake vizuri, nyaya zimefungwa kwa mkanda, kazi safi. Aliwasha kulia, ikakimbia. Aliwasha kushoto, ikakimbia zaidi, mshale ulikuwa unatetemeka tu.

"Papa Esteri, uangalie muzuri," alisema. "Kushoto njo inakimbia kupita kuume."

"Zote zinakimbia, Papa Sifa. Ni ugonjwa moja."

"Lakini kushoto—"

"Niko nafanya hii kazi tangu ungali mutoto," nilimwambia. "Kaa pale, ukunywe chai."

Alikaa. Hakuwa mtu wa kubishana na mtu mzima. Nilitoa santrali ya zamani, nikafunga mpya. Aliwasha kushoto: tak, tak, tak. Kulia: tak, tak, tak. Mishale miwili ilipepesa mwendo mmoja, naye akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Nikaita anayefuata.

Mzee Swedi alikuwa na sheria moja iliyoniudhi kwa miaka mingi. Pikipiki haikutoka kibandani kwake kabla fundi hajazunguka nyuma na kuweka kiganja mbele ya kila taa, hata mchana wa jua kali, mpaka auone mwanga kwenye ngozi. Hata kama pikipiki ililetwa kwa ajili ya honi tu. Hata kama mteja anapiga kelele ana haraka. Siku hiyo sikuzunguka. Siku nyingi sana kabla ya hiyo sikuzunguka pia, nisiwadanganye. Dereva anaona mshale, mimi naona mshale, tuzunguke kutafuta nini?

Siku kadhaa baadaye alikuwa akishuka barabara ya Bugarama na gunia la maharage, akakata kona ya kushoto kuingia Nyakarenzo. Nyuma yake lilikuja lori tupu linalokwenda kuchukua mchele, nalo lilikuwa limeshaanza kumpita. Lilimpiga mguu wa kushoto, ukavunjika mara mbili chini ya goti. Dereva wa lori hakukimbia. Alisimama, akamfunga mguu kwa shati lake, na askari walipofika alisema maneno yale yale aliyoyarudia kila siku: yule motari hakuonyesha. Hakukuwa na taa. Papa Sifa, akiwa amelala kwenye majani, alisema aliwasha, aliona mshale kwa macho yake.

Basi mmoja wao alikuwa mwongo, na watu wakachagua. Dereva hakuwa na ulevi, aliapa huku analia. Stendi walisema hata mtu mpole anaweza kusahau, lakini kusahau na kukataa ni aibu. Koperative ya bamotari ikasema itakaa kuamua kama arudi kazini akipona. Permi yake ilibaki kwa askari. Mimi nilisikia hayo yote nikiwa nimeshika bisibisi, na nilisema, naomba Mungu anisamehe, "Bamotari ni hivyo tu. Bataapa mpaka kesho."

Wiki mbili baadaye mke wake, Maman Sifa, alileta pikipiki kwangu juu ya gari la mizigo. Alitaka nione kama inaweza kuuzwa. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa, kipumziko cha mguu kimekunjwa hadi kwenye injini, lakini taa ya nyuma haikuguswa, kioo chake kizima kabisa. Retro ya kushoto ilikuwa na ufa. Niliunga betri, nikawasha klinyota ya kushoto bila kufikiri. Mshale ukapepesa, taratibu, sawasawa. Nikapita nyuma kuangalia fremu, na taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa giza.

Nilijiambia ni ajali. Nikafungua kioo: ampuli nzima. Nikaiuliza betri: ikawaka. Nikafuata waya chini ya madigadi kwa sindano, sentimita kwa sentimita, nikaupata umekatika mahali unapopinda. Shaba yake ilikuwa kijani. Tope lililokauka lilikuwa limeingia ndani ya ganda la waya na kujaa. Waya uliokatika wiki mbili hauwi hivyo. Ule ulikuwa umekufa kabla hajaleta pikipiki kwangu, na santrali ya zamani ilikuwa ikimwambia, ikikimbia kushoto kuliko kulia, na yeye akaniambia mimi, na mimi nikafunga santrali isiyojua kulalamika.

Nilikaa chini kwenye mafuta. Kuunga waya ule ni kazi ya dakika tatu. Ningeuunga, hakuna mtu duniani angejua, na ninakiri kwamba nilitoa koleo mfukoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine. Hilo ndilo lililonitia hasira hadi nikarudisha koleo.

Sikugusa waya. Nilikodi gari, nikapakia pikipiki vile vile, nikaenda hadi kwa askari mwenye faili. Alikuwa kijana, mwenye adabu na mwenye kazi nyingi. Nilimwomba atoke nje.

"Afande, kaa juu yake kama dereva. Washa kushoto. Unaona nini?"

"Inawaka."

"Sasa shuka, uende nyuma pale lori ilikuwa."

Alizunguka. Taa ya nyuma ilikuwa giza. Nikamwonyesha waya wa kijani na tope lake, nikamweleza santrali, nikamwambia nani aliifunga na siku gani. Aliita fundi wao naye akaangalia, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Askari akasema basi wale watu wawili walisema ukweli wote. Nikasema ndiyo, wote wawili, na mwenye kosa amesimama hapa. Aliandika jina langu, nami nikatia sahihi. Kisha akafunua faili na kunisikitisha zaidi.

"Lakini mzee, huyu alishakubali. Juzi alisinya kwamba alikata bila kuonyesha."

Sikuelewa. Alinionyesha sahihi, imepinda, ya mtu aliyeandika akiwa amelala. Akaniambia atairekebisha, maneno yangu yataingia kwenye faili na permi itarudi, lakini ni lazima mwenyewe aseme upya. Nilitoka hapo moja kwa moja hadi hospitali ya Mibirizi, alikolazwa.

Maman Sifa alikuwa uani pa hospitali akianua nguo. Nilimwambia pale pale, nimesimama, kofia mkononi, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilimweleza waya, santrali, na maneno ambayo mume wake aliniambia nikamkatiza. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alikunja shuka aliyoishika, akaikunjua, akaikunja tena.

"Miye njo nilimwambia akubali," alisema. "Alikuwa anarudilia ile moja tu, niliwasha, niliwasha, hata usiku. Nikamwambia, Papa Sifa, bantu bote banasema ulisahau. Sinya tu, tupumzike."

Tulisimama pale, na hakuna aliyetaka kutangulia kuingia. Mwishowe aliniambia, "Twende, Papa Esteri. Tuingie bote."

Papa Sifa alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umenyanyuliwa, amekonda. Aliponiona alijaribu kujiinua anisalimie kwa heshima, na hiyo iliniumiza kuliko kitu chochote siku ile. Nilimwambia asijisumbue. Nikasema yote kwa pumzi moja.

"Ile siku uliwasha. Retro iliwaka mbele yako, lakini nyuma haikuwaka. Waya ilikuwa imekatika tangu zamani. Uliniambia, mi nikakunyamazisha. Siye weye, Papa Sifa. Ni miye. Nimeisha kubaambia baaskari, na banaandika."

Aligeuza kichwa, si kwangu, kwa mke wake.

"Umesikia? Niliwasha."

"Nimesikia," alisema Maman Sifa.

"Niliwasha."

"Uliwasha, Papa."

Alifunika uso kwa mkono mmoja. Mke wake alikaa pembeni ya kitanda, upande wa mguu mzima, akamshika mkono ule mwingine. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya vitanda, watu wengine wakituangalia, sijui niondoke au nibaki. Kisha akasema, bado amefunika uso, kwa sauti ambayo nililazimika kuinama kuisikia:

"Miye mwenyewe nilikuwa nimeisha kuamini kama nilisahau."